Kipuli cha Mama: shajara ya kukitafuta bombani

Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni

Kipuli cha kushoto cha mama kimeingia kwenye tundu la sinki la kunawia. Alikuwa anatia udhu wa magharibi, amefika kwenye masikio, kidole kikanasa kwenye ndoano na kipuli kikachomoka. Anasema alikisikia kikigonga ukingo wa sinki mara moja, ti, kisha kimya.

Nimefunga koki iliyo chini ya sinki na kubandika karatasi ukutani: MSIFUNGULIE MAJI. Lakini kati ya mama kupoteza kipuli na mimi kufika, dada alishapita na ndoo ya maji ya kudekia na kuyamwaga pale pale, karibu nusu ndoo. Hakuwa na habari. Mama alikuwa ameinama anapapasa sakafuni, akidhani labda kimeruka nje, na dada alifikiri anaokota kanga yake. Hakuna wa kulaumiwa. Wavu wa tundu hilo ulivunjika mwaka jana na mwenye wajibu wa kuweka mwingine nilikuwa mimi.

Naandika kwa hatua kwa sababu ndivyo nilivyozoea maabara, na kwa sababu mama kila baada ya dakika tano ananiuliza "umefikia wapi?" Nataka nimjibu kwa uhakika.

Kitu chenyewe: dhahabu ya karati 22, yaani sehemu 22 za dhahabu kati ya 24, zilizobaki ni madini ya kuipa ugumu. Umbo la tone, ndani kina uvungu, na chini kinaning'inia lulu moja ndogo kama choroko. Bibi aliletewa vipuli hivi na nduguze walioko Muscat, akavivaa miaka yote mpaka siku ya arusi ya mama, akavivua masikioni mwake akamvisha mwanawe mbele ya watu. Leo Tanga nzima hakuna duka litakaloniuzia mwenzake.

Alhamisi, saa tatu usiku

Kabla ya kugusa chochote nimechora njia ya maji. Tundu la sinki, kisha bomba fupi la kushuka, kisha trapu, ile sehemu iliyopinda kama herufi U. Kutoka trapu bomba la inchi moja na nusu linatoboa ukuta, linapinda kwa elbo, linatambaa nje ya ukuta wa nyuma mita mbili na nusu hivi, halafu linadondokea kwenye gali trapu, kile kishimo chenye kifuniko cha chuma kando ya jiko. Gali inapeleka chemba, chemba inapeleka karo. Kikifika karo nimekipoteza.

Tumaini langu la kwanza ni trapu. Ule mpindo haukuwekwa kwa ajili ya kunasa vito. Kazi yake ni kubakiza maji kidogo muda wote ili harufu na hewa chafu ya chini isipande ndani ya nyumba. Alexander Cumming, fundi saa Mskoti aliyekuwa akifanya kazi London, ndiye aliyepewa hataza mwaka 1775 kwa choo chenye bomba lililopinda namna hiyo, na mpaka leo kila sinki linaishi kwa wazo lile. Lakini kwa sababu maji lazima yapande kidogo ili yatoke, kitu kizito hubaki chini. Dhahabu ni nzito kupita kiasi: sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu 19 na zaidi, wakati ya maji ni gramu moja. Pete nene ya dhahabu ikianguka, mara nyingi inakaa humo humo hata maji yakifunguliwa.

Kinachonitia wasiwasi ni ule uvungu. Kipuli cha mama ni ganda jembamba lenye hewa ndani. Kinazama, ndiyo, lakini kwa ukubwa wake ni chepesi, na maji ya ndoo yakiteremka kwa mkupuo yanaweza kukibeba na kukivusha.

Sifungui usiku huu. Taa ya pale ni hafifu, na nati za plastiki zikilazimishwa gizani zinapasuka. Mama nimemwambia hivyo. Amekubali, ila kile cha kulia amekivua na kukiweka kwenye kijaluba.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi

Beseni chini ya trapu, tochi mdomoni, glavu mkononi. Nati mbili za plastiki zilifunguka kwa mkono bila spana. Niliwahi kuona watu wanazikaza kwa spana mpaka zinachanika, kumbe kinachozuia maji ni washa ya mpira iliyo ndani.

Nilishusha trapu ikiwa wima, bila kuiinamisha, nikamimina taratibu juu ya kung'uto kuukuu la tui alilonipa mama. (Halirudi jikoni tena, nimeshamwambia.) Maji meusi yalipita, yakabaki matope. Niliyasuuza kwa kikombe, kidogo kidogo, nikitenganisha kwa kijiti cha mshikaki: nywele zilizosokotana kama kamba, mabaki ya sabuni meupe kama jibini, kifungo cha shati la shule, pini ya mtandio iliyoshika kutu, na kikonyo cha mswaki wa mtoto. Kisha kitu kidogo kiking'aa. Moyo ulinipasuka. Kilikuwa kishikizo cha nyuma cha hereni za bandia za dada, cha bati lililopakwa rangi ya dhahabu.

Nikaingiza kidole ndani ya trapu nikazungusha ukuta wake wote. Nikamulika bomba la kushuka. Hakuna kitu.

Kimevuka.

Ijumaa, saa nne asubuhi

Jirani yetu, mama mtu mzima mwenye nia njema kabisa, alikuja na chupa ya dawa ya kuzibua mabomba. "Mwanangu, mimina hii, uchafu utayeyuka, dhahabu haiyeyuki." Kuhusu dhahabu yuko sahihi. Nilimshukuru na kumweleza kwa nini haitaingia kwenye bomba letu, na naliandika hapa kwa urefu kwa sababu kila aliyepita leo ametoa shauri hilo hilo.

Dawa hizi ama ni kostiki soda ama ni asidi. Lulu si jiwe. Imejengwa na chaza, tabaka juu ya tabaka, kwa madini yale yale ya ganda lake, na katikati ya tabaka kuna utomvu unaozigandisha. Asidi inaila lulu, hata siki ya jikoni ikiachwa na lulu inaichubua. Na kostiki inakula ule utomvu. Ningepata kipuli chenye kibanio kitupu. La pili ni mikono na macho yangu: mimi ndiye nitakayefungua bomba baadaye, na dawa iliyobaki humo itanirukia. La tatu, dawa ikifungua uchafu, maji yatakwenda kasi, na kinachoshikilia kipuli sasa, kama bado kimeshikwa, ni huo uchafu.

Hata jiki hapana. Klorini iliyomo haipatani na ile shaba na fedha iliyochanganywa kwenye dhahabu.

Na wapo waliosema sumaku. Sumaku inavuta chuma. Ingeleta pini ya mtandio, dhahabu ingeiacha pale pale.

Ijumaa, saa tisa alasiri

Badala ya kufuata bomba kutoka juu, nimeanzia mwisho. Kama kipuli kimeshafika gali trapu, kila ndoo inayomwagwa jikoni inakisogeza kuelekea chemba, maana sinki la jikoni nalo linaishia hapo hapo. Kwa hiyo gali kwanza.

Dada ndiye aliyeniomba afanye kazi hii. Alikuwa kimya tangu jana. Tulifunua kifuniko, tukaziba tundu la kuelekea chemba kwa kitambaa kilichofungwa kamba, kisha akateka matope yote kwa kopo na kuyamimina kwenye kung'uto, mimi nikisuuza. Makopo ishirini na matatu. Tulipata kijiko cha chai, mbegu za ukwaju na magamba ya samaki yasiyohesabika. Magamba ya samaki yanadanganya sana juani: kila moja linameta. Dada aliyapitia moja moja.

Kipuli hakikuwemo. Lakini hii ndiyo habari njema ya kwanza tangu jana. Hakimo kwenye trapu, hakimo kwenye gali, na tangu ile nusu ndoo hakuna tone lililopita. Basi kimo ndani ya zile mita mbili na nusu za bomba la nje, isipokuwa kama kilivuka gali yote kwa mkupuo mmoja, na hilo sioni kama linawezekana kwa kitu kinachozama.

Nimelitazama bomba lenyewe kwa pima maji. Klempu moja ya katikati imetoka ukutani na bomba limelegea, limefanya tumbo. Bomba la namna hii linatakiwa kushuka sentimita mbili hadi mbili na nusu kwa kila mita. Hili linashuka, linapanda kidogo, halafu linashuka tena. Miaka yote nimelalamika kwamba sinki linachelewa kutoa maji na sikuwahi kutoka nje kuangalia. Leo nimeomba Mungu kwamba tumbo hilo ndilo limekishika.

Jumamosi, saa tano asubuhi

Fundi magari wa mtaa wa pili ana kamera ya waya, ile anayoingiza kwenye tundu la plagi kutazama ndani ya injini. Kichwa chake ni chembamba kuliko penseli, kina vitaa vidogo pembeni, na picha inatokea kwenye simu. Nilimweleza ni kipuli cha mama. Alinipa bila kutaka hata shilingi, akasema nikirudisha niifute tu.

Nilifunga tepu nyekundu kwenye waya kila sentimita kumi, ili nijue nimefika wapi. Nikaondoa trapu tena na kuingiza kamera kwenye bomba la ukutani, polepole, dada akishika simu na mama ameketi kwenye kigoda nyuma yake.

Sentimita 30: ukuta wa bomba mweupe, safi. 50: elbo, kamera ikagoma, nikaizungusha, ikapita. 80: utando wa sabuni umeanza. Kisima chetu kina maji ya chumvi, na sabuni ikikutana na maji ya aina hiyo haitoi povu, inaganda vipande vipande na kushika popote inapopata. 110: utando umekuwa mnene, umefunika nusu ya chini ya bomba kama uji uliopoa. 130: maji yametuama, picha ikawa ukungu. Nikasimama nikasubiri yatulie.

Yalipotulia tulikiona. Si chote. Ukingo tu wa tone, umezama nusu kwenye ule utando, na mwanga wa kamera ukiupiga unarudisha rangi ambayo bati halina, rangi ya asali nzito. Ndoano ilikuwa imeelekea upande wa gali. Lulu haikuonekana.

Mama alisimama. Akaweka kidole kwenye kioo cha simu, akasema, "Ndicho." Halafu akaingia ndani kuswali, ijapokuwa adhuhuri ilikuwa bado.

Sentimita 136 kutoka ukutani kwa ndani.

Jumamosi, saa kumi jioni

Hapa nimekosea, na naandika kosa lenyewe.

Kwa kuwa nilikuwa nakiona, nilitaka kukivuta. Nilichukua waya wa kufungia nondo, nikakunja ncha yake kuwa kulabu ndogo, nikaufunga sambamba na kamera. Wazo lilikuwa kupitisha kulabu juu ya kipuli, kuishusha mbele yake, na kurudisha. Jaribio la kwanza kulabu iligusa ukuta wa juu. La pili ilizama kwenye utando na kutoka na donge la sabuni. La tatu ilikigusa kipuli ubavuni, na badala ya kukipita ikakisukuma. Utando uliokishika ukakatika, kikateleza kama mbegu ya ubuyu iliyolowa, kikasimama sentimita 151.

Sentimita kumi na tano kuelekea gali, kwa mkono wangu.

Nimetoa waya na kuuweka mbali. Dada aliuliza tujaribu bomba la mashine ya kunyonya vumbi ya pale wanapoosha magari, kwa kufunga soksi mdomoni. Kwa pete iliyo kwenye trapu kavu ningejaribu. Hapa kuna maji yaliyotuama, kuna elbo, na mashine ile haikutengenezwa kunyonya maji. Hapana.

Lililobaki ni kukata bomba.

Jumapili, saa tatu asubuhi

Fundi bomba amekuja na msumeno wa chuma, soketi mbili na gundi. Mtu mzima, mpole, amefanya kazi hii tangu mabomba ya nyumba nyingi yakiwa ya chuma. Alisikiliza maelezo yangu yote kabla ya kushika kitu.

Tulitofautiana jambo moja. Yeye alitaka kukata pale pale kilipo, sentimita 151, afungue akichukue. Mimi nilimwomba akate mbele yake, upande wa gali. Msumeno unatikisa bomba. Tukikata juu yake na kikateleza, kitakwenda upande ambao hatujauziba. Tukikata mbele, kikiteleza kinatuletea wenyewe. Fundi alifikiri kidogo, akasema, "Sawa mwanangu, ila basi tulishike bomba kwanza." Akachukua matofali mawili na ubao, akaliegemeza lile tumbo kutoka chini mpaka likakaa sawa, maana bomba lililolegea likikatwa linaruka. Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

Alikata kwenye sentimita 185. Karai chini, na kwenye mdomo wa bomba upande wa sinki tukavisha soksi ndefu ya nailoni, tumeifunga kwa mpira uliokatwa kwenye tairi ya baiskeli.

Kisha maji. Ya moto, lakini si ya kuchemka. Haya mabomba ya plastiki yanalainika kwa maji yanayochemka, na sikutaka joto kali liiguse lulu. Niliyapima kwa mkono: unavumilia, lakini hutaki kuuacha. Nilimimina kikombe kimoja kimoja kwenye bomba la ukutani, nikingoja dakika kati ya kimoja na kingine ili sabuni ilainike. Fundi alikaa upande wa pili akiligonga bomba kwa mpini wa bisibisi, taratibu, tik, tik, tik.

Kikombe cha nne: maji meupe yakajaza soksi. Cha saba: donge kubwa, laini kama siagi. Fundi alilifinya ndani ya soksi, akatikisa kichwa. Cha tisa: donge jingine. Kabla sijamimina cha kumi, fundi aliacha kugonga. Alikuwa ameishika ncha ya soksi kwa vidole viwili, hakuwa akitazama, alikuwa akisikiliza kwa vidole vile.

"Mwite mama," akasema.

Mama alikuja na kanga ikiburuza. Fundi akafungua mpira, akaigeuza soksi ndani nje juu ya kiganja chake. Sabuni, nywele mbili, na katikati yake kipuli. Ndoano imepinda. Tone zima. Na lulu ipo, imefunikwa na utando mweupe hata ukadhani ni punje ya sabuni.

Mama hakukichukua mara moja. Aliushika mkono wa fundi pamoja na uchafu wote uliokuwa ndani yake, kwa mikono yake miwili, akasema "Ahsante baba, Mungu akujalie," mara tatu au nne. Dada alikuwa amekaa chini ukutani, analia.

Jumapili, saa nane mchana

Kukisafisha: maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya maji, mswaki laini wa mtoto. Lulu niliifuta kwa kitambaa chenye unyevu tu, sikuilowesha muda mrefu. Dhahabu imetoka kama ilivyoingia. Uchafu wa bombani haukuibadili rangi. Kingekuwa cha fedha kingetoka cheusi kwa ile hewa ya maji machafu, na ingebidi kukilaza kwenye maji ya moto yenye magadi ya kuokea juu ya karatasi ya aluminiamu mpaka weusi utoke. Hilo nalo si la vipuli vyenye lulu.

Fundi amerudisha klempu, ameunganisha bomba kwa soketi na kipande kipya, akahakikisha mteremko kwa pima maji mbele yangu. Amesema maji yasipite mpaka kesho, gundi ikamate.

Alitaka ujira wa kuunganisha bomba tu. Kwa kukitafuta kipuli alikataa kupokea. Mama amempa mkate wa kumimina mzima, ule aliouoka asubuhi kabla hajajua kama kuna la kushangilia.

Jumatatu, saa kumi alasiri

Nilimpeleka mama kwa sonara. Aliviweka vyote viwili kwenye mizani: kile kilichopotea gramu 3.42, cha kulia gramu 3.45. Tofauti iko kwenye ndoano, akatuonyesha kwa lenzi. Waya wa ndoano ya kushoto umelika pale unapopita sikioni, umekuwa mwembamba na umefunguka. Kingeanguka tu, kama si kwenye sinki basi barabarani.

Kuichomelea ndoano mpya kunahitaji moto, na moto hauwezi kukaribia lulu. Lazima aibandue kwanza, kisha airudishe. Mama alisema lulu haibanduliwi maadamu yu hai. Sonara hakubishana. Aliinyoosha ndoano, akaikunja upya, akampa vizuizi viwili vidogo vya mpira laini vya kuvisha nyuma ya sikio.

Njiani nimenunua wavu wa chuma kisichoshika kutu, wenye matundu madogo kuliko lulu. Nimenunua miwili, mmoja wa jikoni.

Jumatatu, saa moja na nusu usiku

Nimeondoa karatasi ukutani. Nimefungua koki, nimejaza sinki mpaka juu, nimeachia. Maji yametoka yote nikihesabu mpaka kumi na nne. Zamani nilikuwa nafika arobaini. Nimetoka nje na tochi, nimepitisha karatasi kavu ya chooni chini ya kila kiungo. Kavu yote.

Mama anatia udhu wa isha sasa hivi, vipuli vyote viwili masikioni. Dada amesimama karibu yake ameshika taulo.